Mzee Ojwang' Hakuwa Mluo: Jinsi Runinga Ilivyojenga Familia ya Kenya

Benson Wanjau alipofariki dunia Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, jina hilo peke yake halikumshtua mtu. Lilipofuatwa na jina la pili, lile la runingani, Mzee Ojwang' Hatari, nchi nzima iliinua kichwa. Hapa Machakos, kama kwingineko, msiba ulichanganyika na mshangao: kumbe mzee alikuwa Mkikuyu? Kwa miaka zaidi ya 20 watu walikuwa wamemhesabu Mluo kamili, mwenye Kiswahili cha kando ya ziwa, mkewe wa runingani, Mama Kayai, akiwa Mluo mwenzake. Naye Mama Kayai, kwa jina halisi Mary Khavere, ni Mluhya.

Runinga iliingia Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji, KBC, na kuliita Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 jina likarudi kuwa KBC. Kwa muda mrefu kituo kilikuwa kimoja tu. Machakos, iliyo mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Nairobi, haikuwa mbali na mitambo, ila vijiji vingi vya milimani Iveti na vya uwanda wa chini havikuwa na stima. Televisheni ilikuwa ya inchi 14, nyeupe na nyeusi, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Betri hiyo ilifungwa nyuma ya baiskeli, ikapelekwa sokoni kuchajiwa, na iliporudi ililindwa kama akiba ya mbegu. Haikuwashwa ovyo. Ikianza kuishiwa nguvu, picha ilisinyaa kutoka pembeni, waigizaji wakawa wembamba, na mtoto akatumwa nje kuuzungusha mti wa eriali huku watu wakimpigia kelele kutoka ndani: hapo, hapo, rudisha kidogo! Ole wake aliyeimaliza betri kwa mpira, usiku wa Vitimbi, kichekesho cha Mzee Ojwang' na Mama Kayai, ukamkuta hana jibu.

Vitimbi haikuwa na mandhari ya kujivunia. Ukuta wa studio ulionekana wazi kuwa ukuta wa studio. Mchezo mzima ulibebwa na watu. Wanjau alipaka nywele na masharubu weupe, akavaa miwani, akawa mzee mjanja ambaye ujanja wake humgeukia mwenyewe. Ukimtazama vizuri, kazi kubwa aliifanya wakati wengine wanazungumza: kichwa kikiinama taratibu, macho yakitafuta mlango, mdomo ukijiandaa kusema uongo ambao mkewe ameshaujua. Khavere alicheza kinyume chake. Hakuwa na haraka. Alimwacha mumewe ajichimbie shimo hadi kiunoni, ndipo akazungumza. Ndoa yao ilikuwa ya kuzozana kila wiki, lakini hukuweza kumwazia mmoja bila mwenzake, na sijaona jozi nyingine ya waigizaji Kenya iliyolifikia hilo.

Muulize mtu yeyote ni nani aliyeandika Vitimbi. Utamwacha akikuna kichwa. Nchini Pakistan, ambako televisheni ilianza mwaka 1964, swali kama hilo lina jibu. Tamthilia za kifamilia za shirika la PTV zilijulikana kwa waandishi wake: Haseena Moin aliyeandika Tanhaiyaan na Dhoop Kinare katika miaka ya 1980, au Amjad Islam Amjad na Waris yake kuhusu ukoo wa mabwana wa ardhi. Hadithi ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mwigizaji, hata awe hodari vipi, alisubiri maneno yaliyopimwa na mshairi. Kenya tulikwenda njia nyingine. Mwigizaji ndiye aliyekuwa kipindi, naye alipochoka au kuugua, kipindi kikaugua pamoja naye. Wanjau mwenyewe alipoanza kupoteza nuru ya macho uzeeni, ilibidi wahisani wachange fedha za matibabu.

Chombo kikuu cha mwigizaji wa Kenya kilikuwa lafudhi. Kituo kilikuwa cha taifa na lugha ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili chetu cha bara hakijawahi kuwa kimoja. Mtu akifungua mdomo, mtazamaji alishajua kwao ni wapi, anapenda chakula gani na atakasirishwa na nini. Kwa kipindi kifupi kisicho na fedha, hiyo ilikuwa njia ya mkato kubwa. Ilikuwa na uzuri wake pia: Mkikuyu akiuvaa Uluo kwa mapenzi, Mluo aliye Kisumu akicheka naye, ni jambo ambalo wanasiasa wa enzi hiyo hawakuliweza. Lakini Mkamba aliyekaa mbele ya runinga alizoea kujiona katika nafasi chache: askari, mlinzi wa lango, mtumishi, mtu wa mganga. Katika Vioja Mahakamani, kichekesho kingine cha KBC, alikuwapo Masaku, mwenye jina ambalo sisi huuitia mji huu kwa Kikamba. Tulimpenda, na tulimcheka, na watoto wetu waliigizwa hivyo hivyo shuleni na wenzao wa makabila mengine. Sidhani tulilipigia hesabu sana wakati huo.

Kisha akaja Inspekta Mwala. Mwala ni eneo bunge katika kaunti hii, kwa hiyo hakuna aliyeuliza polisi huyo ni mwana wa nani. Davis Mwabili, aliyemwigiza kwanza KBC na baadaye katika kipindi chenye jina hilohilo kwenye runinga ya Citizen, ana jina la Kitaita. Papa Shirandula, kipindi kingine cha Citizen, nayo ilikuwa na Kapteni Otoyo, Mluo wa kuchekesha kupita wote, naye mwenye kazi hiyo ni Kazungu Matano, jina la Pwani lisilohitaji maelezo. Mchezo wa kuazimana makabila uliokuwa KBC ulihamia kituo cha kibinafsi bila kubadilika sana.

Kilichobadilika ni uchungu ulioingia ndani ya kicheko. Papa Shirandula mwenyewe ni mlinzi jijini Nairobi anayemficha mkewe kazi yake, akijifanya mtu wa ofisi. Katika nyumba nyingi za Machakos hilo halikuwa kichekesho kitupu. Barabara ya Mombasa kila Jumamosi jioni huwarudisha wanaume ambao nyumbani wanajulikana wako “kampuni”, na hakuna anayeuliza zaidi. Charles Bukeko aliigiza aibu hiyo kwa mwili wake mkubwa: kifua mbele alipokuwa na mkewe, mabega chini alipoitwa na bosi, na baina ya hayo mawili uso wa mtu anayepiga hesabu ya uongo wa jana. Aliaga dunia Julai 2020 kwa ugonjwa wa Covid-19, na kipindi hakikuwa na njia ya kuishi bila yeye.

Wakati huo huo familia za ng'ambo zilikuwa zimeshaketi sebuleni. Hakuna iliyoshika roho za watu hapa kama telenovela ya Mexico, Cuando Seas Mía, iliyotengenezwa mwaka 2001 kutokana na tamthilia ya Kolombia. Hadithi yenyewe ni ya kahawa: Paloma ni mchumaji, Diego ni mwana wa wenye shamba. Sasa fikiria inavyotazamwa Kangundo au Matungulu, mahali ambapo kahawa ndiyo iliyosomesha watu kabla bei haijaporomoka na wengine kung'oa mibuni. Maneno yalikuwa ya Kiingereza kisichoendana na midomo. Mjukuu akawa mkalimani, akimtafsiria nyanya kwa Kikamba, na mara nyingi nyanya alikuwa ameshafika mbele ya hadithi. Shamba, urithi, mama mkwe mwenye maringo: hayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Kilichoniudhi mimi ni kwamba wenye kahawa wetu hawakuwahi kuandikiwa tamthilia yao.

Mji huu ulijaribu kuingia katika biashara hiyo. Alfred Mutua, gavana wa kwanza wa kaunti kuanzia 2013, alikuwa ametengeneza vipindi vya Beba Beba na Cobra Squad kabla ya kugombea, naye akaja na wazo la Machawood, Machakos iwe kitovu cha filamu. Jina lilivuma kuliko kazi.

Pigo la kweli kwa lafudhi lilitoka kwa watu wa Pwani. Mwaka 2019 Citizen ilianza kuonyesha Maria, kazi ya kampuni ya Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na mkewe Lulu Hassan, msomaji wa habari za Kiswahili. Msichana yatima wa mtaa wa mabanda anaingia nyumba ya tajiri. Mapenzi, siri na wivu vinafuata. Kiunzi ni kile cha telenovela, hilo halifichiki. Ila sikiliza wanavyozungumza. Yasmin Said kama Maria ana Kiswahili cha mtaani chenye kasi na jeuri, na wenye nyumba wana Kiswahili laini. Kinachowatenga ni pesa na malezi, wala si kabila. Baba wa nyumba hiyo, William Hausa, hakupewa asili unayoweza kuitaja. Anaigizwa na Dennis Musyoka, jina la Kikamba kama lilivyo, na kwa mara ya kwanza kwa wengi wetu tulimwona Musyoka akiwa mwenye lango badala ya mlinzi wake. Aliicheza nafasi kwa utulivu, sauti ya chini, bila kumkumbusha mtu yeyote kwao ni wapi.

Zora ikafuata mwaka 2021, Sultana mwaka 2022, na Kiswahili cha Pwani kikazidi kuwa lugha ya mahaba ya usiku. Vijana wa Machakos nao hawajaiacha lafudhi. Wameichukua wakaihamishia kwenye simu, wanarekodi vichekesho vya dakika chache kwa Kikamba kitupu, mume na mke wakizozana mlangoni kwa sababu ya deni la kioski, na mara nyingi mke ni mwanamume aliyejifunga leso.