Kuku mzima na kuku wa kilo: desturi ya kugawana nyama mjini Kisangani

Mtu akiingia soko kuu la Kisangani na kuuliza bei ya kuku, mama anayeuza atamjibu kwanza kwa ulizo: «Unatafuta ya mugini ao ya frigo?» Ulizo ni fupi, lakini ndani yake mna historia ndefu ya mji wetu. Kuku ya mugini ni mzima, ana kichwa na miguu, amefungwa kamba na angali anapiga kelele. Ile ya frigo mara nyingi si kuku, ni vipande: mapaja, mabawa, migongo, vilivyogandishwa katika kartoni na kuuzwa kwa kilo. Sisi tunaoandika kurasa hizi tumekula zote mbili, na hatutaki kujifanya watu wa zamani kuliko tulivyo. Lakini tunaona kwamba pamoja na kuku mzima kuna desturi iliyokuwa inakaa mezani, na desturi hiyo haikuingia ndani ya kartoni.

Tuanze mbali kidogo. Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Alitoka Asia, akafika kwetu kwa njia za biashara zamani sana. Jina «kuku», ao majina yanayofanana nalo, yanasikika katika lugha nyingi za Kibantu, na ndugu zetu wa Lingala wanasema nsoso. Wakati Stanley alipoweka kituo chake karibu na maporomoko mwaka 1883, na Tippu Tip alipofanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, watu wa mto na wa pori walikuwa wanafuga kuku tangu vizazi vingi. Waungwana waliokuja na Tippu Tip walileta kilimo cha mpunga na lugha hii tunayoandika. Walileta pia namna yao ya kuchinja: kuku anaelekezwa Kibla, jina la Mungu linatajwa, shingo inakatwa kwa kisu kikali. Kwa hiyo katika familia za Waislamu wa mji huu kuku mzima, tena hai, lilikuwa jambo la dini kabla ya kuwa jambo la ladha.

Mugini kuku hakuwa chakula cha kila siku. Mboga ya kila siku ilikuwa sombe, samaki na nyama ya pori. Kuku alikuwa kwanza mali ndogo. Mtu alilipa naye faini, alipokea naye mgeni, alienda naye kwa wakwe, alimuuza mtoto alipogonjwa. Upande wa kaskazini, kwa Wazande, alikuwa na kazi nyingine tena. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alieleza jinsi walivyowapa kuku sumu ya benge ili kujua ukweli wa jambo: kuku akifa ni jibu moja, akipona ni jibu lingine. Aliandika pia kwamba kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Hapo kipande hakina maana yoyote. Paja haliwezi kujibu ulizo.

Serikali ya Leopold nayo ilimjua kuku kwa kichwa. Vijiji vya kandokando ya mto vilidaiwa chakula cha vituo: chikwangue, samaki, mbuzi, kuku. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 inataja madai ya namna hiyo katika vijiji vya chini ya mto. Asiyekuwa na kuku alilazimika kumnunua kwa jirani, hata kwa bei kubwa kuliko ile aliyolipwa na kituo, ili apate kumtoa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wengine wanadhani zamani ya kuku mzima ilikuwa ya furaha tupu. Haikuwa hivyo.

Sasa tuingie jikoni. Kuku mmoja mzima akiiva, anatoa vipande ambavyo havilingani, na hapo ndipo kazi ya desturi inapoanza. Katika nyumba nyingi tulizokulia, firigisi ilikuwa ya baba. Akiwepo mgeni mkubwa, baba alimwachia yeye. Mapaja yalienda kwa wageni na wanaume wazima. Shingo, kichwa na miguu ilikuwa ya watoto, na tuliigombania sana. Mama alijipa mgongo, ao alisema ameshiba kwa harufu. Mtoto aliyeiba firigisi kwenye chungu hakupigwa kwa ajili ya kipande cha nyama. Alipigwa kwa sababu alikula heshima ya mtu.

Lazima tuseme na upande wa pili. Katika makabila mengi ya Kongo na ya nchi za jirani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Kule Buganda desturi hiyo inajulikana sana: mke anapika, anafunga luwombo vizuri katika majani ya ndizi, kiisha anakula kitu kingine. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi: atakosa uzazi, atazaa mtoto bila nywele, atakuwa mlafi. Wamama wengi waliofuga kuku kwa mikono yao, waliowafungia usiku na kuwachungia kunguru na nyoka, hawakujua ladha yake. Tukisifu mgawanyo wa zamani, tukumbuke ni nani aliyegawa na ni nani aliyesimama karibu na moto.

Kuku wa kilo alikuja polepole. Wakati wa Zaire kulikuwa na miradi mikubwa ya ufugaji, kama ile ya N'Sele karibu na Kinshasa. Lakini uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993 ulivunja mashamba mengi ya kuku nchini, na nyama ya baridi kutoka ng'ambo ikajaza nafasi. Sisi wa Kisangani tulichelewa, kwa sababu sisi tuko mbali na bahari, na kiisha vita vikatufungia mto. Tangu Agosti 1998 mji ulikatwa na Kinshasa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita katikati ya nyumba zetu. Siku hizo aliyebaki na kuku alimficha ndani, kwa maana kuku hai ana sauti, na sauti iliita askari. Chakula kilifika kwa pirogi na kwa baiskeli. Vijana walisukuma baiskeli kutoka Isangi, Opala, Banalia, na nyuma ya kiti kuku wamening'inia vichwa chini, kumi ao ishirini. Bila wao, na bila toleka waliotubeba mjini, hatujui mji ungekula nini.

Mto ulipofunguliwa tena na barabara ya mashariki ilipotengenezwa, kartoni zilifika kwa wingi. Zinatoka Brazili, Marekani na Ulaya. Watu wanauliza: mbona wanatuletea mapaja tu, kuku wao hawana kifua? Wanacho, na wanakila wao. Marekani, mwaka 1962, zaidi ya kuku nane kati ya kumi waliuzwa wakiwa wazima. Baadaye viwanda vilianza kukatakata, na walaji wa kule walichagua kifua, nyama nyeupe isiyo na mfupa. Kifua kikilipa gharama zote, paja linaweza kuuzwa mbali kwa bei ndogo sana. Hata Warusi walipelekewa mapaja hayo kuanzia 1990, wakayaita mapaja ya Bush kwa jina la rais wa wakati ule. Kwa hiyo paja tunaloweka kwenye lituma ni sehemu ya kuku ambaye kifua chake kilibaki kwenye meza nyingine. Tena mgawanyo, lakini mgawaji hatumjui.

Kameruni walilikataa jambo hilo. Mwaka 2004 chama cha raia kinachoitwa ACDIC kilianza kampeni kali juu ya kuku za baridi, kikisema zinaua wafugaji wa nchi na zinagonjwesha watu kwa kuwa baridi inakatika njiani, na serikali ikafunga mlango wa kuziingiza. Kwetu hoja ya baridi inaeleweka upesi. Umeme ukikatika siku mbili, nyama ya «chambre froide» inalainika, na umeme ukirudi inagandishwa tena sawa vile hakuna kilichotokea. Sisi wenyewe tuliwahi kununua kilo tatu kwa duka ambalo hatutalitaja. Tulipofungua mfuko nyumbani, mbwa wa jirani aliondoka. Kuku hai hana udanganyifu huo: macho yake yanaonekana, kamasi yake inaonekana. Lakini naye ana adui wake, ugonjwa wa kideri, unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Mama wa mugini aliyetegemea kuku wake kwa kulipa masomo ya watoto anabaki na manyoya.

Kwa nini basi watu wananunua kilo? Kwa sababu mfuko unasema hivyo. Kuku mzima anadai pesa yote kwa mara moja. Paja moja linanunuliwa moja, hata nusu kilo. Mama mwenye watoto sita ananunua mabawa sita yanayolingana, kila mtoto bawa lake, hakuna kelele. Wamama wengine walituambia wazi: tangu waanze kununua kilo, nao wanakula paja. Hatukupata la kujibu. Kwa upande mwingine, franka anayolipa haiendi tena kwa mama wa Opala ao wa Ubundu, na mtoto wa mjini anakua bila kujua kuku anatolewaje manyoya kwa maji ya moto.

Kuna mahali ambapo kartoni bado haijashinda, nako ni kwa wakwe. Tulihudhuria karamu moja mtaani Mangobo ambapo kijana, kwa nia nzuri, alipeleka kwa bokilo kartoni nzima ya mapaja badala ya kuku wawili. Nyama ilikuwa nyingi mara tano. Mzee aliitazama, akashukuru, kiisha akauliza kwa sauti ndogo: «Na firigisi iko wapi?» Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na maneno ya ndoa hayakuendelea siku ile.

Wiki iliyofuata kijana alirudi na jogoo mwekundu aliyenunuliwa kwa mtu wa baiskeli. Mambo yalinyooka. Dada yake, mwenye akili ya soko, alileta pia mfuko mmoja kutoka «chambre froide»: kilo mbili za firigisi tupu, maana siku hizi nazo zinauzwa peke yake. Mzee alipewa ile ya jogoo katika sahani yake. Zile nyingine ziligawiwa jikoni, na wamama walikula.