Waliohesabu Paa

Dani alikuwa na simu ya mulika mwizi yenye kioo kilichopasuka katikati, kwa hivyo meseji alisoma nusu na nusu nyingine akakisia. Siku ile pesa zilipoingia alimwita msichana wa jirani, wa darasa la saba, amsomee yote. Msichana akasoma. Dani akamwambia, hebu rudia. Akarudia. Basi Dani akaizima simu, akaifunga kwenye pindo la leso, akashika jembe akaenda kupalilia mtama kama kawaida.

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Mimi nilikuwa Nairobi, mwaka wa pili chuoni, nadaiwa karo ya semista mbili. Nitarudi hapo. Kwanza nataka tuulize: kwa nini yeye? Kijiji chake, huko Siaya, kina wajane wengi na wazee wengi. Kwa nini simu yake ndiyo iliyolia?

Jibu lilikuwa juu ya kichwa chake. Nyumba yake iliezekwa kwa nyasi.

GiveDirectly, shirika la Marekani lililoanzishwa na wanafunzi wa uchumi kutoka Harvard na MIT, lilianza kazi yake katika Kenya ya magharibi, na mwaka 2011 likaanza kupokea michango ya umma. Wazo lao lilikuwa rahisi mpaka likawaudhi watu: badala ya kumnunulia maskini mbuzi, kitabu au semina, mpe pesa ajipangie mwenyewe. Shida ikawa kumjua maskini ni nani. Ukiuliza watu mapato yao, kila mtu ana hadithi. Paa halina hadithi. Nyumba ya mabati, pita. Nyumba ya nyasi, ingia uandikishe. Katika utafiti wao mkubwa wa Siaya, karibu theluthi moja ya familia za kijiji zilipita mtihani huo, na kila familia ikapata takriban shilingi 87,000 kwa M-Pesa, kwa awamu. Hiyo ni kama robo tatu ya matumizi ya nyumba ya kawaida kule kwa mwaka mzima.

Sasa, mtu wa mjini akisikia hivyo anaona ni ujanja mzuri wa vijana wa hesabu. Lakini ukikaa na wazee wa Nyanza utagundua kwamba hawa hawakuwa wageni wa kwanza kupita bomani wakihesabu paa za nyasi.

Mwaka 1901 serikali ya Mwingereza iliweka kodi ya kibanda katika eneo lake la Afrika Mashariki. Nyanza wakati huo ilihesabiwa upande wa Uganda, ambako kodi ya aina hiyo ilikuwa imeshaanza, na mwaka 1902 ikahamishiwa huku kwetu. Kodi haikuuliza una ng'ombe wangapi wala umevuna nini. Iliuliza una nyumba ngapi. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake kama mila inavyotaka, alilipia tatu. Mjane naye alikuwa na nyumba, kwa hivyo naye alikuwa na deni. Ndiyo maana familia zingine zilijibana watu wengi chini ya paa moja ili zihesabiwe kidogo. Kijaluo kilichukua neno "ushuru" kutoka Kiswahili kikaligeuza "osuru", na mpaka leo ukilitamka mbele ya mzee fulani, uso unabadilika.

Kodi hiyo ilikuwa na kazi mbili. Moja ni kuijaza hazina. Ya pili ni kumtoa mtu shambani. Rupia hazioti kwenye mtama. Ili kuzipata, kijana ilibidi aende reli, aende Kisumu, aende mashamba ya walowezi. Aliyeshindwa kulipa alichukuliwa mifugo au akafanyishwa kazi. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na kibanda, ili kijana asijifiche nyuma ya baba yake. Kufikia 1920 kodi ilikuwa imepanda hadi rupia nane, yaani shilingi 16 pesa mpya zilipoingia, na mwaka uliofuata walowezi wakakubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi juu, mshahara chini. Unajua hiyo feeling, hata bila kuzaliwa 1900.

Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, ambayo leo iko Siaya hiyo hiyo, kulalamikia kodi, kipande na kazi za lazima. Jonathan Okwiri alikuwa miongoni mwa vinara. Vuguvugu lao liliitwa Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Kodi ikateremshwa hadi shilingi 12. Mwaka 1923 chama chao kikageuka kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chini ya malezi ya mmishonari Owen. Ebu angalia jina hilo: chama cha ustawi wa walipa kodi. Walijitambulisha kama watu wanaotoa, ambao sasa wanataka kuona kinachorudi.

Kilichorudi kilichelewa sana. Uhuru ulipokuja, msaada wa serikali kijijini ulikuwa chakula wakati wa njaa. Ukame wa 1984 ulileta mahindi ya manjano, na waliokula bado wanayataja kwa kukunja pua. Pesa taslimu zilianza mwaka 2004, mpango wa majaribio kwa familia 500 zinazolea mayatima Garissa, Kwale na Nairobi, shilingi 500 kwa mwezi. Wazee walifuata, kisha kaunti kame za kaskazini: Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera. Leo tunaita Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiwango hicho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 paketi ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, na mzee aliyesubiri malipo yaliyochelewa miezi kadhaa alikuwa ameshakopa dukani kiasi kwamba pesa zikifika zinaingia moja kwa moja kwa mwenye duka.

Kwa hivyo usishangae kilichotokea Homa Bay. Kuanzia mwaka 2015 maafisa wa GiveDirectly walifika na habari ya pesa za bure, na familia nyingi zikakataa. Shirika lenyewe liliandika hadharani kuhusu kukataliwa huko. Uvumi ulienea: hizi ni pesa za shetani, za Illuminati, utalipa kwa damu ya mtoto. Mitandaoni Nairobi tulicheka sana. Mimi nilicheka. Lakini hebu jiweke pale. Bibi yako alifundishwa na bibi yake kwamba mgeni akija na daftari akaangalia paa lako, kuna kitu anataka kuchukua. Sasa mgeni mwingine amesimama uani, daftari limegeuka tablet, anaangalia paa lile lile, anasema hataki chochote. Ungeamini?

Na waliopokea? Watafiti waliofuatilia familia za Rarieda hawakupata ushahidi kwamba pesa ziliishia kwenye pombe na sigara. Watu walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Ule utafiti mkubwa, wa familia zaidi ya 10,000 katika vijiji 653, ulikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizungusha uchumi wa eneo hilo kwa takriban dola mbili na nusu, na bei hazikupanda sana. Fundi alipata kazi, mwenye duka akauza, na hata nyumba ya mabati iliyorukwa ikaonja. Kutoka 2016, kuanzia na kijiji kimoja cha majaribio, shirika hilo lilianza mpango mwingine ambapo kila mtu mzima kijijini anapata, shilingi 2,250 kwa mwezi. Huko hakuna kuangalia paa.

Lakini kuna kitu namba hizo hazinioneshi, nacho ni meseji yangu.

Nilisikia habari ya pesa za Dani kutoka kwa binamu, na kabla ya jioni nilikuwa nimemwandikia. Nilianza na salamu ndefu, nikauliza mgongo, nikauliza kuku, halafu nikataja karo. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu ikaingia shilingi 20,000. Aliponipigia alisema tu, "Nyakwara, soma."

Sikusoma sana. Nililipa sehemu ya deni, nikafanya mitihani ya semista moja, na mwaka uliofuata nikaacha chuo. Sababu ziko nyingi na zingine ni za kweli. Sikumwambia kwa miezi minane.

Nilipokwenda hatimaye, nyumba kubwa ilikuwa inang'aa. Mabati mapya, mfereji wa maji ya mvua, tangi dogo. Jiko, lile la nje, bado lilikuwa la nyasi, na upande mmoja umeoza. Nikamuuliza kwa nini fundi hakumaliza. Akasema mabati yalipungua.

Usiku ule mvua ilinyesha. Tulikuwa jikoni tukingoja ugali, maji yakidondoka kwenye sufuria aliyoiweka pale kona, kwa mazoea, bila hata kuangalia. Nikamwambia nimeacha shule. Alikaa kimya, akageuza ugali, akaupakua.

"Baba yangu alilipia jiko hili osuru," akasema. "Kuku wawili waliuzwa kila mwaka. Sasa wewe."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Ninapopata kazi ya kuandika, hutuma shilingi 500, saa nyingine 1,000. Mwezi uliopita alisema karatasi sita za mabati zimeshafika kwa fundi. Zinahitajika kumi na moja.