Matone ya macho: tone moja latosha

Mapema mwaka 2024 macho mekundu yalienea Dar es Salaam, kisha Mombasa, Kilifi na Lamu. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, na dawa ya bakteria haiviui. Lakini ni nyumba gani haina kichupa kilichobaki kabatini? Kikiwa na steroidi, kama deksamethasoni, ndicho kibaya zaidi. Wekundu huondoka upesi, mgonjwa akafurahi, akaendelea. Miezi ikipita bila kupimwa, presha ya ndani ya jicho hupanda, na mtoto wa jicho huweza kuota.

Mgonjwa wa Musanda, upande wa Mumias kule Kakamega, akitibiwa katika hospitali ya macho ya Sabatia, kaunti jirani ya Vihiga, shida yake ni ile ile ya mgonjwa wa Kwale. Chupa ina maandishi madogo ya Kiingereza, naye ameshika maneno mawili tu: asubuhi na jioni. Namna ya kutia hajaoneshwa. Mwambie mtoa dawa akuoneshe, nawe utie mbele yake, si aibu.

Nawa mikono, inua uso, vuta kope la chini lifanye kijimfuko, utie tone moja. Jicho hubeba kama mikrolita 30, na tone moja lafika 30 hadi 50, kwa hiyo la pili huteremka shavuni na pesa yako. Fumba jicho, ubonyeze kona iliyo karibu na pua dakika moja au mbili. Ule uchungu unaouonja kooni ni dawa iliyopita njia ya machozi, na huingia damuni pia. Ndiyo maana mwenye pumu akipewa timololi ya presha ya macho aseme mapema: yaweza kumbana pumzi. Dawa zikiwa mbili, subiri dakika 5 kati yake. Marhamu huja mwisho.

Presha ya macho kwa kawaida haiumi, basi wengi huacha dawa wakidhani wamepona. Uoni uliopotea hapo haurudi.

Ncha ya chupa isiguse kope wala kidole. Marekani, mwaka 2023, matone yaliyoingiwa na bakteria kabla hata ya kufika kwa mgonjwa yalipofusha watu na wengine wakafa. Andika tarehe uliyofungua chupa. Nyingi hutupwa baada ya wiki 4, hata kama dawa imebaki. Na chupa ya mama si ya mtoto.