Spana Namba 10 Ilifikaje Igoma?

Pita Igoma siku yoyote, kandokando ya barabara ya Musoma, wanapokaa mafundi pikipiki. Sikiliza wanavyoitishana vifaa. "Lete namba 10." "12 iko wapi?" "Nani kachukua 14?" Namba 11 hakuna anayeiulizia, na 13 inaombwa kwa nadra. Kama na wewe umeanza kufungua pikipiki yako mwenyewe Jumapili nyumbani, umeshaona kwamba kwenye ile seti uliyonunua kuna spana hazijawahi kutoka kwenye boksi. Sio kwamba ulipigwa. Hapo kuna historia.

Zamani kila karakana Ulaya ilichonga bolti kivyake, nati ya huyu haiingii kwa yule. Mwaka 1841 Mwingereza mmoja, Joseph Whitworth, akapendekeza wote watumie meno ya aina moja, yenye pembe ya nyuzi 55, vipimo kwa inchi. Dola ya Kiingereza ikaenda nayo kila ilikofika. Mwanza Waingereza waliichukua kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na baadaye Bedford na Land Rover zikaja na bolti zake za inchi. Kinachochekesha ni kwamba reli yenyewe ni ya mita. Wajerumani walijenga Reli ya Kati kwa upana wa milimita 1000, na Waingereza walipofikisha reli Mwanza mwaka 1928 wakafuata upana uleule. Treni imeingia mjini kwa mita, gari limeingia kwa inchi. Bongo bwana!

Spana za Whitworth zilikuwa na vituko vyake. Namba iliyoandikwa haikuwa upana wa kichwa cha bolti, ilikuwa unene wa bolti yenyewe. Spana iliyoandikwa robo inchi ilishika kichwa cha milimita 13 na kidogo. Halafu mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada wakakubaliana meno mengine, ya nyuzi 60, bado kwa inchi, na spana zake zikaandikwa upana wa kichwa. Kwa hiyo fundi wa miaka ile alikuwa na spana mbili zenye namba moja zinazoshika bolti tofauti kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ikahamia kilo, lita na mita. Dukani mambo yalibadilika, lakini bolti ya Land Rover haikusoma gazeti la serikali. Kilichoiondoa inchi gereji ni Wajapani. Toyota, Isuzu, Honda, zote milimita. Na Wajapani nao wana mambo yao. Bolti inayoitwa M8, yaani yenye unene wa milimita 8, kwa Mzungu wa Ulaya kichwa chake ni 13. Mjapani akaipa kichwa kidogo, 12. M10 Mzungu anaipa 16 au 17, Mjapani 14. Kwenye M6 ndo walikubaliana: 10. Hiyo ndiyo namba 10 inayotafutwa kila dakika na kupotea kila wiki.

Sasa utasema, Boxer na TVS ni za Mhindi, SanLG ni ya Mchina, Mjapani kaingiaje? Fuatilia ukoo. Boxer ilizaliwa Bajaj ilipokuwa inashirikiana na Kawasaki. TVS ilitengeneza pikipiki pamoja na Suzuki mpaka 2001. Injini za Kichina zilizojaa mtaani, nyingi ni mtoto wa Honda CG125 ya miaka ya 1970. Bodaboda zilipofurika Mwanza, zilikuja na vichwa vya Kijapani bila mtu kuuliza. 13 inaombwa likiharibika kitu cha Mzungu, Scania kwa mfano.

Alenki ina stori yake. Kwenye viwanda vya zamani, mashine ziliendeshwa kwa vyuma virefu vinavyozunguka, na skrubu zilizoshikilia vyuma hivyo zilikuwa na vichwa vilivyochomoza. Vilidaka mikono ya mashati, na mwenye shati akaenda na mashine. Dawa ikawa kuficha kichwa: tundu la pembe sita ndani ya skrubu. Mmarekani William Allen alipata hati ya ubunifu ya kutengeneza skrubu za hivyo mwaka 1910, na jina lake ndilo unalolitaja ukiomba alenki.

Na hapa ndipo inchi inaporudi kulipiza kisasi. Seti nyingi za alenki za bei chee zimechanganya inchi na milimita, na kwa macho hutofautishi. Skrubu ya M6 yenye kichwa kama kikopo inataka alenki ya 5. Ndani ya seti kuna ya inchi 3/16, ambayo ni milimita 4.76. Inaingia vizuri tu, tena kwa raha. Ukikaza nguvu, inazunguka na kula pembe zote sita. Kama ni skrubu ya diski ya breki, imekula kwako: hutaitoa, na kuiacha huwezi. M4 inataka 3, M5 inataka 4, M8 inataka 6. Zile zenye kichwa cha mviringo kama kifungo cha shati zinashuka: M5 ni 3, M6 ni 4, M8 ni 5. Vigari vya rimoti, ambavyo skrubu zake nyingi ni M3, vinataka 2.5 au 2, na hapo inchi 3/32 (milimita 2.38) inakusubiri kwa hamu. Alenki sahihi inaingia kwa kubana kidogo. Ikicheza, toa. Na toa tope kwenye tundu kwanza, maana alenki iliyoingia nusu inaharibu kama ndogo.

Bolti nayo inadanganya. Ya inchi 5/16 ni milimita 7.94, karibu kabisa na M8. Utaipata kwenye kopo la bolti za zamani, utaifunga kwenye injini, itazunguka mara mbili tatu kwa mkono kisha ibane. Mgeni anachukua spana na kulazimisha. Meno ya M8 yameachana milimita 1.25, ya huyu 1.41, na injini ni aluminiamu, laini. Kinachofuata ni kwenda kwa fundi wa kuchonga meno upya, kwa kosa la bolti moja ya kuokota. Bolti isiyoingia mpaka mwisho kwa vidole, kwenye tundu safi, sio yake.

Kuna na ile ya bisibisi ya nyota. Skrubu za nyota za Kijapani hazina umbo sawa na za Marekani, ndo maana vifuniko vya injini za Honda za zamani vina skrubu zilizochakaa. Bisibisi ya Kimarekani inaelea juu badala ya kuzama. Ukiona kidoti kidogo kimoja pembeni ya msalaba juu ya kichwa, ujue ni ya Kijapani, tafuta bisibisi inayozama mpaka chini.