Thamani ya Nyumba: Ni Kuta au ni Mtaa?

 

Kuna suala ambalo maimamu wetu hukutana nalo mara kwa mara wanapoitwa kugawa mirathi. Tuseme ni Singida mjini, pembezoni, upande wa Mandewa au Misuna. Marehemu ameacha nyumba moja. Alipata kiwanja wakati mahali hapo pangali na majabali na mashamba ya uwele, akajenga kidogo kidogo mpaka akaezeka. Ameacha mtoto mmoja wa kiume, ambaye anaishi humo, na mabinti wawili walioolewa. Kijana anasema: "Dada zangu, sitaki kuwadhulumu. Nyumba ina matofali kadha, mabati kadha, milango kadha. Tupige hesabu niwape chenu." Inapigwa hesabu, dada wanaridhia, imamu anasoma dua, watu wanaondoka.

Swali letu ni hili: je, hapo nyumba imethaminiwa, au yamethaminiwa matofali tu?

TAQWIM KATIKA SHARIA

Kukadiria thamani ya kitu huitwa taqwim. Msingi wake umo katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuhusu mtu anayemwacha huru mtumwa wa ushirika kwa upande wa fungu lake. Mtume (S.A.W.) aliagiza kuwa, akiwa na mali ya kutosha, mtumwa huyo athaminiwe kwa uadilifu na washirika wenzake wapewe mafungu yao. Katika mojawapo ya mapokezi ya Muslim imebainishwa kuwa thamani hiyo isiwe pungufu wala isipindukie. Hapa pana kanuni kubwa: mshirika anapochukua kitu kizima, mwenzake hapewi anachokisia mchukuaji, bali fungu lake katika thamani ya uadilifu. Na warithi, tangu saa ya mauti, ni washirika.

Qur'ani nayo, katika aya ya 85 ya Suratul-A'raf, inasimulia jinsi Nabii Shu'ayb (A.S.) alivyowakataza watu wake wasipunje vipimo wala wasiwapunguzie watu vitu vyao. Wafasiri wanaingiza humo kila namna ya kumpunguzia mtu haki yake, na kuishusha thamani ya mali yake ni namna mojawapo.

NYUMBA NA MAHALI PAKE

Je, mafakihi waliitazama nyumba kwa kuta zake peke yake? Hapana. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia), katika Minhaj ambayo ni tegemeo la Mashafi'i wa Afrika Mashariki, ameugawa mgawanyo wa mali ya ushirika katika aina tatu. Ya pili ni kugawa kwa kusawazisha thamani, na mfano alioutoa ni ardhi ambayo sehemu zake zinatofautiana kwa rutuba na kwa ukaribu wa maji. Tazama: udongo ni mmoja, mipaka ni mmoja, lakini sehemu iliyo karibu na maji ina thamani zaidi kwa sababu ya mahali ilipo.

Kisha akaja kwenye nyumba. Akasema kuwa nyumba mbili au maduka mawili yakiwa na thamani sawa, na mshirika mmoja akataka kila mtu achukue lake, mwenziwe halazimishwi. Mashareh wametoa sababu: makusudio ya watu hutofautiana kwa kutofautiana mahali na majengo. Ikiwa hata penye bei sawa mahali pamehesabiwa, vipi patupwe nje ya hesabu pale bei yenyewe inapotafutwa?

Katika mlango wa aibu za bidhaa, Nawawi ameeleza kuwa aibu ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake. Ndiyo maana wanavyuoni wakahesabu kuwa ni aibu ya nyumba kupakana na wafua nguo wanaowasumbua wakaazi kwa kishindo cha kazi yao. Ukuta haujapasuka, paa halivuji, lakini nyumba imepungua kwa sababu ya jirani.

KISA CHA MADINA

Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi' (R.A.), aliyekuwa na vyumba viwili ndani ya eneo la nyumba ya Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Alimtaka Sa'd avinunue. Sa'd, baada ya kusita, alisema hatazidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akamjibu kuwa alikwisha kupewa bei ya dinari 500, na lau si kumsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingempa kwa 4,000. Kwa kiwango cha dirhamu kumi kwa dinari, alikuwa ameacha kiasi cha dirhamu 1,000.

Mashafi'i na Mahanafi wametofautiana kama hadithi hii inampa jirani haki ya shuf'a, au haki hiyo ni ya mshirika tu. Sisi tunachukua jambo jingine. Abu Rafi' aliijua bei kamili kabla ya kusamehe. Aliitaja mbele ya mnunuzi na mashahidi, kisha akaiacha kwa hiari. Sa'd hakumficha, na hakuna aliyemwambia kuwa vyumba vyake ni mawe na magogo ya mitende tu.

MAZOEA HAYA YALITOKA WAPI?

Wazee wa Kinyaturu waliokaa katika tembe walijua vyema kuwa shamba la karibu na boma, lenye samadi ya ng'ombe, si sawa na la porini. Wenyeji basi hawakuwa wajinga wa thamani ya mahali. Kilichotuzoesha kuhesabu jengo peke yake, kwa sehemu kubwa, ni historia ya sheria za ardhi.

Mwaka 1895 utawala wa Kijerumani ulitoa amri iliyoihesabu ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa ya dola. Waingereza, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakaziweka ardhi zote za umma chini ya gavana, na mtu akawa na haki ya kukaa na kutumia. Baada ya uhuru, umilikaji wa moja kwa moja ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 haikutoa fidia kwa kiwanja kitupu. Aliyeondolewa alilipwa maendelezo yake: nyumba, miti na mazao. Mwaka 1971 yalipotaifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, umri wa jengo ulikuwa ndio kipimo, na lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Vizazi viwili au vitatu vikakua vikisikia kuwa ardhi haina bei.

Lakini hali hiyo imekwisha badilika. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo tu. Kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ikaweka kati ya misingi yake kuwa maslahi katika ardhi yana thamani, na fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Ni jambo la kusikitisha kuwa serikali ikichukua nyumba ile ya Misuna kwa ajili ya barabara, dada wale watapata mafungu yao kwa bei ya soko, lakini kaka yao akiichukua, wanalipwa kwa bei ya matofali.

MJI NAO HUPANDISHA NA KUSHUSHA

Mkoa wetu una ushahidi wake. Kilimatinde, ukingoni mwa Mgunda Mkali, ilikuwa kituo katika njia ya misafara ya kwenda Tabora, na Wajerumani waliweka boma lao hapo. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita Manyoni. Leo makao makuu ya wilaya yako Manyoni, na Kilimatinde ni mji mdogo. Aliyekuwa na nyumba imara Kilimatinde hakuibomoa, wala aliyekuwa na kibanda Manyoni hakukigeuza jumba, bali njia ndiyo iliyohama.

Vivyo hivyo Singida mjini. Barabara za Dodoma, Nzega na Babati zinakutana hapo. Kila palipofika lami, maji, umeme, shule na msikiti, viwanja vya jirani vilipanda. Ongezeko hilo hakuna mrithi mmoja aliyelifanyia kazi peke yake. Ni riziki ya Allah (S.W.) iliyoifikia mali ya ushirika, na kila mshirika ana fungu lake humo.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa kufikirika. Matofali, mabati na fundi ni shilingi milioni 12. Nyumba za namna hiyo, katika mtaa huohuo, zinauzwa milioni 32. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili na kila binti fungu moja, jumla mafungu manne. Kwa hesabu ya matofali, kila binti anapata milioni 3. Kwa thamani ya uadilifu ni milioni 8. Kila mmoja amekosa milioni 5.

Upande wa pili pia una makosa yake. Dada akisema nyumba karibu na stendi iliuzwa milioni 60, kwa hiyo ya baba nayo ni 60, huko ndiko kupindukia. Mizani ni nyumba iliyo mfano wake katika mtaa wake, siyo nyumba bora ya mji mzima. Na ikiwa marehemu alijenga jumba la gharama kubwa mahali pasipo barabara wala maji, huenda bei ikawa chini ya gharama. Hapo pia inafuatwa bei, hata kama kaka ameumia.

NASAHA KWA MAIMAMU

Kwanza, thamani iwe ya siku ya kugawa, siyo ya siku ya kujenga. Mirathi iliyocheleweshwa miaka kumi imekua ikiwa ya wote. Alichojenga mrithi mmoja kwa mali yake baada ya mauti, kikithibiti, kinatazamwa peke yake.

Pili, Nawawi ameshurutisha wagawaji wawili pale mgawanyo unapohitaji taqwim. Watafutwe waadilifu wawili wanaojua bei za mtaa ule, wasio na maslahi. Familia ikiweza, imtumie mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016. Dalali anayetarajia kuiuza nyumba hiyo hafai kuwa shahidi wa bei yake.

Tatu, bei itamkwe wazi mbele ya wote kabla ya neno la kusamehe. Minhaj imetaja kuwa kusamehe deni lisilojulikana kiasi chake ni batili kwa kauli mpya ya Imamu Shafi'i. Hilo limesemwa katika deni, lakini linatufunza uzito wa ridhaa ya mtu asiyejua anachokiacha. Dada aliyeambiwa milioni 3 akanyamaza, hajasamehe milioni 5 ambazo hakuzisikia. Akiisha kuzisikia, akataka kumwachia kaka yake kwa mapenzi, huo ni wema wake na malipo yake yako kwa Mola wake, kama alivyofanya Abu Rafi'.

Aya ya 7 ya Suratun-Nisaa imewathibitishia wanaume na wanawake mafungu yao, mali iwe kidogo au nyingi. Mtu anaweza kulitaja fungu hilo kwa usahihi wote, nusu kwa robo, kisha akaliharibu kwa kukadiria vibaya kile kinachogawanywa.

Wallahu a'lam.