Asili ya Insha na Chati katika Mtihani wa Kiingereza

Kabla hatujaanza, mwalimu na aandike ubaoni maneno mawili: INSHA na CHATI. Kila mwanafunzi awe na karatasi, kalamu ya risasi na rula. Asiye na rula atumie ukingo wa daftari, lakini atahitaji kuazima rula ya jirani baadaye kidogo.

Leo tunazungumza habari za mtihani. Huenda katika darasa lenu yumo kijana anayetaka kwenda kusoma ng'ambo, au yumo mama ambaye binti yake ni muuguzi na anatafuta kazi Uingereza. Watu wa namna hii mara nyingi hutakiwa kwanza waonyeshe cheti kwamba wanajua Kiingereza. Mtihani mmoja unaojulikana sana ni ule uitwao IELTS. Ndani yake mtu anayekwenda kwa masomo ya juu hupewa saa moja ya kuandika, na kazi ni mbili. Kwanza hupewa chati, au jedwali, au ramani, au mchoro, akaambiwa aeleze kilichomo kwa maneno yasiyopungua 150. Kisha hupewa swali la insha, nalo alijibu kwa maneno yasiyopungua 250. Insha ina uzito wa mara mbili kuliko chati, kwa hiyo mtahiniwa hushauriwa atumie dakika 20 kwa chati na dakika 40 kwa insha.

Kazi hiyo si mchezo. Mwaka wa 2021 Kenya ilipatana na Uingereza juu ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Mwaka huohuo Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati ule, Bwana Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza, na waliofaulu walikuwa 10 tu. Tazameni jambo hilo vizuri. Wauguzi hao ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu utoto, wakajifunza kazi yao kwa Kiingereza, na kila siku huandika habari za wagonjwa kwa Kiingereza. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka wa 2018, baraza linalosimamia wauguzi na wakunga huko Uingereza lilikuwa limekwisha kupunguza alama inayotakiwa katika kuandika, kutoka 7 hadi 6.5 kati ya 9. Katika kusikiliza, kusoma na kusema, alama ilibaki 7 kama zamani.

Basi tuulize: insha iliingiaje katika mtihani, na chati ilitoka wapi? Hazikuzaliwa katika nyumba moja.

Tuanze na insha. Mwaka wa 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilianzisha mtihani kwa wageni waliotaka kwenda kufundisha Kiingereza katika shule za nchi zao. Mtihani ule ulichukua saa 12. Mlikuwa na kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa au Kijerumani, na kutoka lugha hizo kurudi Kiingereza. Mlikuwa na sarufi, na matamshi, na fasihi, na imla, na mazungumzo. Tena mlikuwa na insha ya saa mbili nzima, na mtahiniwa alichagua jambo moja la kuandika. Miongoni mwa mambo aliyopewa kuchagua ni safari za Waingereza katika zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, uasi wa India, na kukua kwa serikali za mitaa. Mwaka ule walijitokeza watu watatu. Wote watatu walianguka.

Mimi siwacheki watu wale. Fikirini mgeni anayejua Kiingereza kizuri cha sokoni, cha ofisini na cha darasani, lakini hakupata kusoma habari za Malkia Elizabeth. Ataandika nini kwa saa mbili? Mtihani ule ulipima kama mtu amelelewa katika vitabu vya Waingereza, nao ukasema umepima lugha. Wazee wetu wanalifahamu jambo hili, kwa kuwa wengi wao, hapa Afrika ya Mashariki, walifanya mtihani wa Cambridge walipomaliza shule ya sekondari. Tanzania ilikuja kuwa na Baraza lake la Mitihani mwaka wa 1973, na Kenya likaundwa la kwao mwaka wa 1980.

Sasa tugeuke upande wa chati. Hapa tutakaa kidogo, maana habari zake ni tamu.

Katika Uskochi alizaliwa mtu mmoja, jina lake William Playfair, mwaka wa 1759. Baba yake alifariki William angali mtoto, akalelewa na kaka yake John, ambaye baadaye alikuwa profesa wa hesabu. John alimpa mdogo wake kazi ya kupima joto la kila siku na kuliandika, si kwa tarakimu tu, bali kwa kuchora mistari. Hivyo kijana akajifunza mapema kwamba hesabu yaweza kuonekana kwa macho. Alipokua alifanya kazi ya kuchora michoro kwa James Watt, yule mtu mashuhuri wa injini za mvuke.

Mwaka wa 1786 Playfair alitoa kitabu juu ya biashara ya Uingereza. Ndani yake mlikuwa na michoro zaidi ya 40. Karibu yote ilikuwa ya mstari: miaka imepangwa chini, fedha zimepangwa ubavuni, na mstari unapanda na kushuka kadiri biashara ilivyopanda na kushuka. Mfanyabiashara aliyechoka kusoma kurasa za tarakimu aliweza kutazama mara moja akajua.

Lakini mchoro mmoja ulikuwa tofauti. Playfair alitaka kuonyesha biashara ya Uskochi na nchi nyingine, naye alikuwa na hesabu za mwaka mmoja tu, tangu Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781. Mwaka mmoja hauwezi kutoa mstari. Hutoa nukta tu. Afanyeje? Akachora vipande virefu kama nguzo zilizolala, kila nchi na nguzo zake, ndefu kwa biashara kubwa na fupi kwa biashara ndogo. Yeye mwenyewe hakuupenda sana mchoro huo, kwa kuwa haukuonyesha kupita kwa miaka. Hata hivyo, chati ya nguzo ambayo leo twaiona katika magazeti na katika karatasi za mtihani ilienea kutokana na upungufu wake wa hesabu. Kisha mwaka wa 1801 alitoa kitabu kingine, na humo akachora duara lililokatwa vipande kama mkate. Duara lile lilionyesha ardhi ya dola ya Waturuki: sehemu iliyokuwa Asia, iliyokuwa Ulaya, na iliyokuwa Afrika. Playfair alikufa mwaka wa 1823, naye hakuwa tajiri.

Miaka mingi baadaye, baada ya vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856, Florence Nightingale alitumia michoro ya namna yake kuwaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yanayozuilika kuliko na majeraha ya vita. Huyo alikuwa muuguzi. Leo wauguzi wanaulizwa chati katika mtihani, na mmoja wa mabingwa wa kwanza wa chati alikuwa mwenzao.

Insha na chati zikaja kukutana. Mwaka wa 1980 Cambridge na British Council walianzisha mtihani mpya kwa wageni wanaokwenda kusoma katika vyuo vya Uingereza, na watahiniwa wakagawanywa kwa masomo yao: huyu wa uganga, huyu wa ufundi, huyu wa elimu ya jamii. Mwaka wa 1989 Waaustralia wakajiunga, na jina likawa IELTS. Mwaka wa 1995 mgawanyo ule wa masomo ukaondolewa, watu wote wa masomo ya juu wakapewa karatasi ya namna moja. Kwa maoni yangu chati inafaa sana katika karatasi kama hiyo. Daktari na mhandisi, Mchina na Mhaya, wote huwekewa mezani mchoro uleule. Hapana anayetakiwa kuwa amesoma habari za Malkia Elizabeth.

Lakini hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Kazi hizi mbili zimewekwa pamoja katika saa moja, mtu akadhani ni kazi moja. Sivyo. Katika chati wewe ni shahidi mahakamani. Shahidi husema alichoona, basi. Katika insha wewe ni wakili. Wakili huchukua upande, hutoa sababu, humjibu mpinzani. Shahidi anayejifanya wakili, hakimu humnyamazisha.

Haya, tufanye mazoezi. Tutayafanya kwa Kiswahili, kwa kuwa asiyeweza kueleza chati kwa lugha yake hataiweza kwa lugha ya wenyewe. Mwalimu, andika ubaoni hesabu za watu wa Tanzania kama zilivyopatikana katika sensa. Mwaka wa 1967, milioni 12.3. Mwaka wa 1978, milioni 17.5. Mwaka wa 1988, milioni 23.1. Mwaka wa 2002, milioni 34.4. Mwaka wa 2012, milioni 44.9. Mwaka wa 2022, milioni 61.7. Tutanyamaza kidogo ili mpate kunakili.

Sasa choreni mstari wa chini wenye sentimeta 11, na wa kusimama wenye sentimeta 13. Ubavuni, kila sentimeta ni watu milioni 5. Chini, kila sentimeta ni miaka 5. Mwaka wa 1967 uwe mwanzo kabisa. Mwaka wa 1978 haukai penye sentimeta 2, unakaa mbele kidogo, penye 2.2. Mwaka wa 1988 ni 4.2, wa 2002 ni 7, wa 2012 ni 9, na wa 2022 ni 11. Tieni nukta, kisha ziunganisheni.

Kwa nini nawasumbua na vipimo hivi? Kwa sababu sensa hizo hazikupishana kwa miaka sawa. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, na watu waliongezeka milioni 11.3. Kati ya 2002 na 2012 ni miaka 10, na watu waliongezeka milioni 10.5. Mtu mwenye haraka husema ongezeko lilipungua. Gawanyeni kwa miaka. Kipindi cha kwanza ni kama watu 800,000 kwa mwaka; cha pili ni zaidi ya milioni moja. Ongezeko halikupungua, lilizidi. Mtahini huweka mitego ya namna hii, na macho ya haraka hunaswa.

Sikilizeni sasa maneno ya shahidi mzuri:

«Grafu inaonyesha idadi ya watu wa Tanzania katika sensa sita, kuanzia mwaka wa 1967 hadi 2022. Kwa jumla, idadi ilipanda katika kila sensa, na mwisho ilikuwa kama mara tano ya mwanzo. Mwaka wa 1967 watu walikuwa milioni 12.3, na kufikia 1988 walikuwa milioni 23.1, yaani karibu maradufu. Baada ya hapo mstari ulipanda kwa kasi zaidi. Ongezeko kubwa kuliko yote lilitokea kati ya 2012 na 2022, ambapo watu waliongezeka kwa milioni 16.8 wakafika milioni 61.7.»

Mmeona? Hakutaja kila tarakimu, alichagua. Aliweka picha ya jumla mbele. Wala hakusema watu waliongezeka kwa sababu ya hospitali au kwa sababu ya amani. Huenda ni kweli, lakini grafu haikusema hivyo, na shahidi hakuona hospitali yoyote katika mstari ule.

Tazameni pia sentensi yake ya mwisho: waliongezeka kwa milioni 16.8, wakafika milioni 61.7. Kwa Kiingereza, neno dogo «by» hubeba kiasi kilichoongezeka, na neno dogo «to» hubeba mahali kilipofika. Ukiyabadilishana, umeieleza grafu nyingine kabisa. Twaona watu wanakariri maneno makubwa ya kumfurahisha mtahini, na haya mawili wanayadharau.

Baada ya chati, wakili na asimame. Swali la insha laweza kuwa hili: «Watu wengi huacha vijiji na kuhamia mijini. Je, jambo hili ni faida au hasara?» Hapa sasa leteni hospitali, shule, maji na kazi. Leteni mambo mliyoyaona wenyewe, shangazi yenu aliyehamia mjini akapata kazi, au shamba la babu lililobaki pori. Semeni upande wenu katika maneno ya mwanzo kabisa, tena mtajeni mpinzani na hoja yake iliyo bora, si ile dhaifu, ndipo mumjibu.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi ahesabu watu wa nyumba 10 za jirani, kwa idhini ya wenyewe, achore chati ya nguzo, kisha aieleze kama shahidi kwa sentensi tano. Nyuma ya karatasi hiyohiyo aandike, kama wakili, sentensi nyingine tano juu ya swali la mijini. Karatasi wapeni walimu wenu siku ya mkutano ujao. Kwaherini.