Jeanie Macpherson (1886–1946): Kutoka Kamera Hadi Kalamu

Banda hili la mbao, hapa Hollywood, lilikuwa zizi la farasi. Mwishoni mwa 1913 mwongozaji wa filamu Cecil B. DeMille na wenzake walilikodi, wakalitumia kama studio.

Macpherson, mzaliwa wa Boston, alikuwa ameigiza katika filamu fupi za mwongozaji D. W. Griffith tangu 1908. Alipojiunga na DeMille, alishika kalamu kuandika filamu. Filamu hazikuwa na sauti. Hadithi ilibebwa na macho, mikono na maandishi machache kwenye skrini, na yeye alikwisha kuyaishi hayo mbele ya kamera. Kalamu yake imo katika *The Cheat* (1915), *The Ten Commandments* (1923) na *The King of Kings* (1927).

Miongoni mwa waasisi 36 wa Akademia inayotoa Tuzo za Oscar, wanawake walikuwa 3 tu. Yeye ni mmoja wao. Anapotajwa DeMille, naye anastahili kutajwa.